Spoti ya Upande Huu wa Ikweta

Kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu niliamini kwamba gari la spoti likishavuka ikweta na kuja upande wa Kisumu, haliwezi kurudi kaskazini likiwa hai. Sikuamini nusu nusu. Niliamini jinsi mtu anavyoamini kwamba kesho jua litatokea upande wa Ahero.

Maelezo niliyapata ufuoni mwa ziwa, pale magari yalipokuwa yakioshwa, mahali ambapo habari zote za Kisumu hupitia zikiwa bado zina povu. Magari ya spoti, niliambiwa, huundwa Japani, na Japani iko kaskazini. Ndani ya injini kuna kifeni kinaitwa turbo, kazi yake ni kupuliza hewa mpaka gari lipate nguvu za wazimu. Huko kaskazini kifeni huzunguka upande wa kulia. Gari likivuka ikweta mara ya kwanza, kifeni hugeuka polepole na kuzoea kushoto, kama maji ya karai ambayo wageni huonyeshwa pale Maseno, ikweta inapopita, yakizunguka na jani la mti juu yake. Lakini likivuka tena kurudi, kifeni huchanganyikiwa, hujaribu pande zote mbili kwa pamoja, na injini hupasuka kama yai lililosahauliwa motoni. Ndiyo maana matajiri wa Eldoret na Kitale hawagusi spoti ya Kisumu. Na kwa sababu hawagusi, bei zake ziko chini. Mwenye akili na anunue.

Hoja ilikuwa imenyooka kuliko jibu lolote la fizikia nililowahi kuandika. Na fizikia naijua. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, katika shule ya jioni kule Manyatta, ambako stima ilikuwa ikipotea kila tulipofika kwenye sura ya umeme. Mwalimu alikuwa akiendelea gizani. Mpaka leo nikisikia neno "mkondo" nafumba macho.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Kutwa nzima nilipima misumari na kuhesabu mabati, na dirisha langu lilitazama ukuta. Sisemi ukuta wa duka lingine lenye rangi na tangazo. Ukuta mtupu. Mtu akitazama ukuta miaka mingi, kichwani mwake huanza kupita magari, na yangu yalikuwa mafupi, yenye pua ndefu, yamelala chini kama paka anayevizia. Kwa hivyo kutafuta spoti ya bei nzuri ikawa kazi yangu ya pili, na nasema bila aibu kwamba hakuna spoti iliyopita kati ya Kisian na Awasi ambayo sikuinama kuichungulia tumbo.

Kazi hiyo ina elimu yake. Mfukoni nilikuwa na sumaku ya spika mbovu. Ukiipitisha kwenye mlango na isishike, hapo chini hakuna chuma, kuna putty ya kuzibia mabonyeo, na chini ya putty kuna hadithi ya ng'ombe aliyegongwa. Gari huendewa asubuhi kabla mwenyewe hajaliwasha, kwa sababu injini iliyopashwa moto inasema uongo. Kapeti hunuswa. Magari mengi yaliyoonja mafuriko huja mjini yakiwa yamepakwa manukato kama bwana harusi, lakini ukiweka pua chini ya kiti utasikia matope ya Mto Nyando yakikusalimia. Na broka akikwambia gari lilikuwa la mama aliyeenda nalo kanisani tu, muulize ni kanisa gani lina njia inayokula matairi upande mmoja. Nchi hii haijawahi kuuza gari lililoendeshwa na mwenye dhambi.

Niliona mengi. Niliona moja kule Mamboleo ambayo kuku alikuwa akiatamia kwenye kiti cha dereva, na mwenyewe akaniomba nikitaka kuijaribu nisishike breki kwa nguvu. Niliona nyingine nzuri mno, nyekundu, inang'aa, haina injini. Broka alisema injini ni kitu cha kununua baadaye, kama pazia.

Iliyokuwa yangu niliikuta nyuma ya maduka ya zamani, karibu na msikiti, kwenye ua wa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa. Wazee wake walitoka pwani, wakaoa ziwani, na Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi kwamba ukizungumza naye ulitamani kwanza kunawa mikono. Gari lilikuwa la kijivu, pua ndefu, limefunikwa turubai. Alikuwa amelinunua kwa raha zake, mgongo ukamkataa.

Nilipitisha sumaku, ikashika kila mahali. Nilinusa kapeti, nikanusa kapeti tu. Bei aliyotaja ilikuwa ya chini mpaka nikakohoa. Na mzee yule, bila kuulizwa, akanitajia kasoro zake moja baada ya nyingine. Mlango wa abiria hufunguka kwa nje tu, kitasa cha ndani kimekufa. Vioo vya umeme havipendi maji. Kisha akaniambia kwa upole, "Na viti ni viwili tu, mwanangu. Hilo umelifikiria?"

Nikamkonyeza. Nilitaka ajue kwamba mimi najua sababu halisi ya bei ile, ile ya Maseno, na kwamba sitamwaibisha kwa kuitaja. Yeye hakuelewa mkonyezo, akaniuliza kama nimeingiwa na kitu jichoni. Tukapeana mikono.

Siku ya kwanza nilikuwa mfalme. Siku ya pili nilianza kugundua kwamba nimenunua chumba kidogo chenye magurudumu, na mimi ndiye mfungwa wake. Matuta ya Kisumu hayakujengwa kwa gari la namna ile. Lilikuwa likipanda tuta na kukaa juu yake kama mbuzi kwenye kichuguu, magurudumu yote hewani, mpaka wapita njia waje walisukume huku wakinipa ushauri wa maisha. Ili kufika kazini bila tuta nilizunguka mji mzima. Sikuweza kubeba gunia, wala godoro, wala rafiki wa pili. Rafiki wa kwanza akipanda, wa pili alinuna, na wa kwanza mwenyewe hakushuka mpaka mimi nizunguke nimfungulie kama gavana.

Na kulikuwa na ile ikweta. Kwetu ni ng'ambo ya Maseno. Kila nilipokwenda nyumbani nililiacha gari upande huu, kwenye kibanda cha mama mmoja wa maandazi, nikatembea kwa miguu kupita kile kibao cha ikweta, kisha nikachukua boda boda kwenda kwetu. Watu wa kwetu walisikia kwamba nina gari la spoti kama wanavyosikia habari za mbinguni. Hakuna aliyeliona. Mjomba wangu aliniuliza kama kweli ninalo au ni maombi.

Sasa niseme lililokuwa likinisumbua wakati huo wote. Nilikuwa na mchumba, mwalimu wa chekechea, kwao ni ndani ya Awasi, ukitoka kwenye lami ya kwenda Kericho na kuingia barabara ya udongo mweusi. Baba yake alikuwa amefariki. Aliyebaki wa kutoa neno alikuwa mama yake, na neno hilo hakuwa akilitoa. Hakusema hapana. Alisema amesikia. Kila mchumba wangu alipomtajia habari zangu, mama alisema amesikia na kuendelea kuchambua mchele. Hatimaye siku ikapangwa ya ayie, siku ambayo kwa Wajaluo mama wa msichana huulizwa mbele ya watu kama amekubali. Akikubali, mambo mengine yote husonga. Akinyamaza, mnakula, mnashukuru, mnarudi na mshenga wenu mkiwa kimya njia nzima.

Nilipanga kufika na spoti. Mchumba wangu alikuwa hajaliona kwa macho. Nilikuwa nimemtumia picha ya pua yake tu, na kwenye simu nilikuwa nimeongeza chumvi kidogo, kwamba ndani kuna nafasi, kwamba familia nzima inaenea na mbuzi wao. Nilidhani nikishafika, pua itasema yote na hakuna atakayezunguka kutazama nyuma.

Asubuhi ile mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alitangulia kwa gari la abiria pamoja na wazee wengine wawili na zawadi zote, kwa sababu buti yangu ilitosha kubeba koti na nia njema. Kilichobaki kwangu kilikuwa leso, kanga nzuri nzito ya mama mkwe, ambayo nilitaka kuitoa kwa mkono wangu. Niliiweka nyuma ya kiti, pale palipo na upana wa kitabu.

Mvua ilinikuta nimepita Ahero. Ilikuwa mvua ya tambarare ya Kano, ile ambayo hainyeshi bali hubomoka. Nilikuwa nyuma ya trekta la miwa, nikienda mwendo wa maiti, mchumba wangu alipopiga.

"Uko wapi?"

Nikamwambia nimepita Ahero na naruka kama ndege.

"Sikia. Mama alienda soko kuchukua mchele umepungua, mvua imemfungia Awasi hapo kwa veranda ya duka la dawa. Boda zote zimejificha. Mpitie, akae nyuma, na wewe usiongee mingi."

"Nyuma," nikasema.

"Ndio, nyuma. Kwani utamweka kwa boneti?"

Simu ikakatika, au niliikata, sikumbuki. Nakumbuka nilitazama kioo cha katikati ili nione nyuma, na nyuma nikaona trekta jingine.

Asiyekuwa mtu wa huku huenda asielewe kwa nini jasho lilinitoka kwenye mvua. Mama mkwe kwetu si mtu wa kukaribiana naye. Humpi mkono ovyo. Hukai naye mkeka mmoja. Zamani kijana akimwona mama mkwe anakuja njiani aliingia kichakani mpaka apite, na hata leo, pamoja na simu zetu na diploma zetu, ukikutana naye unatafuta kichaka kwa macho. Na huyu alikuwa bado hajanikubali. Sasa nilitakiwa kuketi naye bega kwa bega, chini kama watu wanaochambua karanga, katikati yetu gia.

Alikuwa pale verandani, ameshika mwavuli na mfuko wa mchele, mwanamke mrefu aliyenyooka. Nilisimamisha gari na kushuka. Alinitazama mimi kidogo, kisha gari kwa muda, kisha akaangalia nyuma ya gari, barabarani, kama mtu anayesubiri.

"Hiyo ingine iko wapi?" akauliza.

"Ingine gani, Mama?"

"Ya gari. Naona mbele imefika."

Nikamwambia ni hiyo tu. Akachungulia ndani kupitia kioo. Mvua haikupungua. Hakukuwa na boda boda, hakukuwa na gari jingine, na nyumbani kwake wazee wangu walikuwa wamekaa wanasubiri mama wa kuulizwa na kijana wa kuombewa, na wote wawili tulikuwa pale tukitazama viti viwili.

Hapo ndipo nikapata wazo, na wakati ule lilionekana wazo bora kuliko yote niliyowahi kupata. Nilitoa leso. Nikafunga pembe moja kwenye kioo cha katikati, pembe nyingine nikaipitisha juu na kuibana kwenye mkanda wa kiti nyuma, chini nikaichomeka kando ya gia. Gari likawa nyumba mbili. Mama alichungulia kazi ile kwa makini, kama anayekagua ukuta wa matope, akasema, "Hapo umefanya vizuri, Baba." Lilikuwa neno la kwanza jema kunipa tangu nizaliwe.

Nikafungua mlango wake, nikageuka, nikasoma tangazo la dawa ya minyoo ukutani mpaka niliposikia kishindo. Sauti ikatoka ndani ya leso.

"Bwana Yesu. Na kiti kiko wapi?"

"Umeshakikalia, Mama."

Tukaondoka. Lami ilikwenda vizuri. Tulipoingia barabara ya udongo ndipo nilipotambua kasoro ya nyumba zangu mbili: sikuona kushoto. Kioo cha kushoto, dirisha la kushoto, ukingo wa kushoto, vyote vilikuwa kwa mama mkwe. Kumwomba anichungulilie ningeona haya, na kufungua leso ningeona haya zaidi. Kwa hivyo nilifanya anachofanya mtu mwenye adabu asiyeona kushoto. Nilikaa kulia. Nikakaa kulia zaidi. Nikakaa kulia mpaka barabara ikaisha na gari likateleza kwa upole, bila haraka, kama bibi anayeketi, likaingia mtaro wa maji wa kando ya shamba.

Injini ikazima. Gari lilikuwa limelala ubavu wangu, mlango wangu umeegemea ukingo wa mtaro, haufunguki hata upana wa kidole. Nikabonyeza kioo kishuke, nacho, kwa kuwa hakipendi maji, kikakataa. Mlango wa mama ulikuwa juu, hauna kizuizi chochote, isipokuwa kwamba hufunguka kwa nje tu.

"Baba," sauti ilisema kutoka juu, "huku mlango haifunguki."

"Ndiyo, Mama. Unafunguliwa na mtu wa nje."

"Na mtu wa nje ni nani?"

Nilipofikiria, mtu wa nje alikuwa mimi.

Maji yalianza kuingia kwa miguu yangu, taratibu, kama mgeni anayepiga hodi. Lakini hayo hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mwinamo. Dunia yote ilikuwa imeinamia upande wangu, na juu ya ule mwinamo, amejishikilia kwa mkono mmoja kwenye ukingo wa dirisha na kwa mwingine kwenye mchele, alikuwa mama mkwe. Leso ilikuwa imejaa kama tanga. Nikajikunja dhidi ya mlango wangu mpaka nikawa mwembamba kama karatasi ya mtihani. Naapa kwamba kwa wakati ule sikuwa na unene. Nikachukua kifuniko cha kisanduku cha katikati ya viti na koti langu nikaziba pale bega lake lingetua. Sikumgusa. Leso haikunigusa. Mbavu zangu zinajua.

Alimpigia binti yake simu, akasema tumekwama karibu na shamba la jirani yao anayelima kwa ng'ombe, amwambie aje nao. Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Halafu tukabaki na mvua juu ya paa, na paa lilikuwa karibu sana na vichwa vyetu.

"Baba," alisema baada ya muda, "hii gari ulinunua kwa nini?"

Mchumba wangu alikuwa ameniambia nisiongee mingi. Lakini mtu aliyefungiwa ana nini kingine? Nikamweleza. Nikamwambia kwamba mimi si mtu wa kununua kiholela, kwamba nilitafuta kwa akili mpaka nikapata bei ambayo hakuna aliyewahi kuipata, kisha, kwa kuwa tulikuwa karibu familia, nikamfunulia siri. Nikaanza na Japani. Nikapita kwenye kifeni. Nikaeleza kulia na kushoto, nikaeleza karai la Maseno, nikamalizia na yai. Nilieleza vizuri mno, mwalimu wangu wa gizani angelia.

Nyuma ya leso mfuko wa mchele ulisogea.

"Nani alikuambia?"

"Watu wa kuosha magari, Mama."

"Hao." Akaguna. "Na ukienda kwenu huko juu, unapita Maseno namna gani?"

Nikamweleza habari ya mama wa maandazi, kibao, miguu, na boda boda. Hapo leso ikaanza kutikisika. Nikajua baridi imempata, mama wa watu, kwa sababu yangu. Nikavuta koti langu kutoka pale lilipokuwa limeziba, nikampitishia juu ya leso bila kutazama. Alilipokea. Leso iliendelea kutikisika kwa muda mrefu, kisha ikatulia, na alipozungumza tena sauti ilikuwa tofauti.

Alinieleza habari za mumewe. Alikuwa dereva wa malori, Mombasa mpaka Kampala, karibu miaka yote ya ndoa yao. Lori lilikuwa kubwa, lina kitanda nyuma ya kiti, na watoto walipokuwa wadogo walidhani baba yao anaishi humo. Hawakukosea sana. Alikuja, akala, akalala, honi ikalia, akaenda. Aliposema hivyo hakulalamika. Alisimulia tu, kama mtu anayetazama picha.

"Mimi niliolewa na gari kubwa," alisema. "Sasa mtoto wangu analetewa mtu wa gari ndogo, hata yeye mwenyewe haimtoshi. Nikikubali leo, mtoto wangu atakaa wapi?"

"Hapo ulipokaa, Mama."

"Na mtoto wake?"

Ninajulikana kwa majibu. Kazini huniita redio. Kwa swali lile nilikuwa na majibu kadhaa yanayoruka, kwamba nitanunua basi, kwamba nitanunua lori, kwamba mtoto wangu ataendesha mwenyewe tangu siku ya kuzaliwa. Nikafungua mdomo. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, leso iko kando ya pua yangu, na hakukuwa na ukuta mwingine wa kutazama.

"Sijui, Mama," nikasema. "Sikufikiria."

Tulikaa hivyo, tukisikiliza mvua ikipungua, na nilijua kwamba ayie yangu imeishia mtaroni. Sikuwa na pa kwenda kuhuzunika. Hata kichwa kukiinamisha sikuweza, kilikuwa kimebanwa na dari.

Jirani alikuja na ng'ombe wake wawili wa kulimia na nira, amevaa gambuti, amejifunika mfuko wa mbolea. Alifungua mlango wa juu, akamtoa mama na mchele wake, kisha akachungulia ndani, akaona leso, akaniona mimi chini yake. Aliuliza kwa Kijaluo kama huyu ndiye. Mama akasema ndiye. Jirani akafunga mnyororo bila kuuliza zaidi, akaniambia nikae humo humo nishike usukani.

Ndivyo nilivyofika kwa wakwe zangu. Niliingia langoni nikiwa nimeketi ndani ya spoti ya kijivu, pua ndefu imejaa matope, leso inaning'inia, ikivutwa na ng'ombe wawili wasio na haraka, na mama mkwe anatembea mbele na mwavuli wake akiwaonyesha njia. Watu wote walitoka nje. Mchumba wangu aliweka mkono mdomoni, akazunguka gari kutafuta kile kiti cha nyuma, akazunguka tena. Mjomba wangu alisimama kwenye baraza, akatazama muda mrefu, kisha akawaambia wenyeji kwa sauti ya ushenga: "Sisi tulisema tutaleta ng'ombe. Hatukusema ng'ombe watatuleta."

Walicheka mpaka mvua ikaacha kunyesha. Mimi nilicheka pia, kwa sababu mlango wangu, uliobonyea mtaroni, ulikuwa bado haufunguki na sikuwa na la kufanya.

Nilifunguliwa mlango wa abiria, na shughuli ikaendelea. Tulikula, mchele ule ule. Maneno yakasemwa, zawadi zikapokelewa ndani na akina mama. Kisha ndugu wa marehemu baba mkwe akasimama akasema wakati wa kumuuliza mama umefika. Nilitazama miguu yangu, ambayo ilikuwa na tope kavu mpaka kwenye magoti, nikaanza kupanga jinsi nitakavyorudi, na jinsi nitakavyolitoa gari lile, na kama kuna mtu yeyote upande huu wa ikweta atakayelinunua.

Mama akatoka jikoni. Alikuwa amejifunga ile leso kiunoni, na matope yake. Akina mama nyuma yake walianza kunong'ona, kwa sababu zawadi hufungwa mwilini na mtu aliyeipokea. Hakungoja kuulizwa mara ya pili.

"Huyu aliniwekea ukuta," alisema. "Gari ikaanguka, ukuta haikuanguka. Na nilimuuliza kitu hajui, akasema hajui. Nimekubali."

Vigelegele vilipanda. Mjomba wangu alinipiga mgongoni nusura nimeze ulimi. Mchumba wangu alikuwa akilia na bado akiangalia gari. Mama aliinua mkono watu wanyamaze, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama usoni.

"Lakini, Baba," alisema, "malori yote ya Uganda yana turbo. Yanavuka Maseno kila siku, yanaenda na kurudi. Mume wangu alivuka na yake mpaka akastaafu. Hiyo gari yako ilikuwa bei rahisi kwa sababu iko na viti viwili."